Mahali Palipoachwa Tupu Kwenye Ramani

Bergen, 3 Juni 1994

Kwako Mjomba Eyðun,

Salamu zikufikie wewe na mkeo Malla, na mama pia, kwani najua ukiisoma barua hii atakuwa ameketi jikoni kwenu na kikombe chake cha tatu cha kahawa. Mimi sijambo. Paja la kondoo lililokaushwa kwa upepo mlilonitumia limefika, na harufu yake ilitangulia. Mwenye nyumba wangu alipanda ngazi kuniuliza kama kuna mnyama aliyefia ukutani. Nikamkatia kipande, akakitafuna macho kayafumba, akasema asante, akashuka zake. Tangu siku hiyo nimeamriwa nilale dirisha wazi.

Sasa habari yenyewe. Tarehe kumi na tisa Mei tulikishusha chombo changu baharini, kusini magharibi ya visiwa vyetu. Ni kamba ya mita mia na hamsini inayosimama wima kutoka sakafu ya bahari. Chini ina nanga, juu ina maboya, na maboya yenyewe yamezama mbali kiasi kwamba hakuna anayeweza kuyaona. Kwenye kamba nimefunga vipimajoto kumi na vitano. Kila robo saa kila kimoja kinapima joto la maji na kulihifadhi ndani yake. Nanga ni magurudumu ya treni yaliyochakaa, kwa hiyo waambie watu wa Vágur kwamba treni imefika, ila kituo kiko mita mia saba chini ya maji.

Kitakaa huko mwaka mzima. Mei ijayo meli ya utafiti itarudi na kukiita kwa mlio, nacho kitaiachia nanga na kupanda chenyewe. Shahada yangu yote inaning'inia kwenye kamba hiyo, Mjomba. Kikipotea, sina cha kumwonyesha mtu.

Ndiyo maana nakushukuru sana kwa ramani. Profesa wangu alipoona ulivyochora kwa kalamu nyekundu kila mahali ambapo meli hukokota nyavu, alisema nahodha hawezi kumpa mtu kitu kama hicho, hata kasisi wake. Nilijivuna mno. Chombo tumekiweka pale kwenye mteremko ambapo hukuchora kitu, na namba za mahali hapo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Profesa anataka tuzitangaze kwa manahodha wote. Nimemwambia nikuulize wewe kwanza.

Unajua ni nini kinapita pale? Maji ya bahari ya kaskazini, yaliyopozwa na majira ya baridi hadi yakawa mazito yakazama. Yanapenya kwenye mfereji ule ulio chini ya meli yako, baridi yake ni chini ya sifuri na bado hayagandi kwa ajili ya chumvi, yanakimbia kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kanisani. Mito yote ya dunia ukiijumlisha haifikii wingi wake. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Nimezaliwa juu ya kitu hicho, na hakuna aliyeniambia.

Mpwa wako,
Sunnvá


Vágur, 24 Julai 1994

Sunnvá mpwa wangu,

Barua yako ilifika siku nyingi, usifikiri posta imelala. Ni mimi niliyelala. Tumekata nyasi za kondoo mara mbili na mara mbili mvua imezinyeshea, Malla amenuna na mimi nimenuna. Mama yako hajambo, anakusema kila siku kwamba umekonda, ingawa hajakuona tangu Krismasi. Jákup wa nyumba ya kijani amehamia Denmark na familia yake yote. Hiyo ni nyumba ya saba mtaani kwetu kufungwa tangu mwaka jana. Samaki wamekuwa haba, meli zinafungwa bandarini, na vijana wanaangalia ratiba za feri.

Eti mto. Nimekaa juu ya bahari hiyo miaka arobaini na moja, sijaona mto wala daraja. Hata hivyo nikuambie kitu, usije ukamwambia profesa wako akaringa. Kuna mahali ambapo wavu ukipanda kutoka chini kabisa, samaki wake wanachoma mikono kwa baridi, hata kiangazi. Pól mpishi wetu aliwahi kuweka chupa ya maziwa katikati yao, akasema friji yake haifui dafu. Baba yangu aliyaita maji ya kaskazini. Hakuuliza yanakwenda wapi.

Mimi nauliza. Kama maji hayo yanashuka mchana na usiku tangu Mungu aumbe dunia, mbona chini hakujajaa? Nimeliwaza swali hilo kwenye usukani mpaka nikapita lango la bandari. Nijibu kama kweli umesoma.

Kuhusu kutangaza, mwambie profesa aache. Nahodha ukimwambia asiende mahali, ndipo atakapokwenda aone umeficha nini. Pale hapaendi mtu. Na ramani ile usinishukuru sana, ni mistari tu.

Mjomba wako,
Eyðun


Bergen, 11 Septemba 1994

Kwako Mjomba,

Nawasalimu nyote. Nimefurahi kusikia mama bado ana nguvu za kunisema. Mimi nimeanza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mmoja alinisikia nikiongea akaniuliza kama naumwa koo. Nikamwambia hapana, hivyo ndivyo tunavyoongea kwetu.

Swali lako nililisoma mbele ya profesa, nikimtafsiria. Alivua miwani. Akasema, "Huyo mjomba wako ni nani?" Maana hilo ndilo swali lenyewe, Mjomba. Watu wamelifanyia kazi tangu kabla sijazaliwa, na wewe umelifikia ukiwa unakosa lango la bandari.

Kumbuka beseni la kuogea kwa Malla. Ukitia maji baridi chini na ya moto juu, ukakaa kimya bila kutikisika, ya moto yatabaki juu na ya baridi yatabaki chini. Bahari ingeachwa hivyo, kilindi kingejaa baridi mpaka karibu na juu, halafu mwendo wote ungekwama. Yanayozama kaskazini yasingekuwa na pa kuzamia. Ili yaendelee kushuka, lazima mahali pengine yapashwe joto kidogo, yawe mepesi, yapande. Na joto haliwezi kufika chini pasipo kitu cha kukoroga.

Nani anakoroga? Upepo ni mmoja. Mwingine ni mwezi. Mwezi unayavuta maji, yanajaa na kupwa, yanasukumwa juu ya milima iliyo chini ya bahari, yanapasuka na kupinduka gizani, mawimbi marefu kuliko nyumba ambayo huku juu hayatikisi hata kikombe. Kila yanapopinduka, joto kidogo linashuka na baridi kidogo inapanda. Ni kidogo sana, lakini ni kila mahali na kila siku, na kukoroga huko ndiko kunakoifanya bahari nzima izunguke.

Pale kwenye mfereji wetu mambo ni makali zaidi. Mto baridi unapotelemka, unasuguana na maji ya vuguvugu yaliyo juu yake, yanavurugana, yanachanganyika, hadi unapofika chini umeshakuwa mara mbili ya ulivyoanza. Mchanganyiko huo ndio unaoamua utazama kina gani na utafika wapi. Sehemu yake itakwenda kusini yote, ipite Afrika, iingie hadi bahari ya Hindi, na itachukua mamia ya miaka. Maji yanayopita kwenye vipimajoto vyangu leo, atakayeyaona tena juani hajazaliwa wala bibi yake hajazaliwa. Mimi nataka kujua yanachanganyika kiasi gani pale yanapoanza safari. Hakuna aliyekaa pale mwaka mzima akapima.

Naogopa kidogo ninapokuandikia haya. Si woga mbaya.

Mpwa wako,
Sunnvá


Vágur, 6 Novemba 1994

Sunnvá,

Sote wazima. Kondoo wamechinjwa, nyama imetundikwa. Mama yako alikuja kusaidia kutengeneza soseji za damu, akamfundisha Malla kazi ambayo Malla anaijua tangu utoto.

Baharini ni hivyo hivyo.

Nilitaka kukuuliza. Kitu kama chako kikitoka majini kabla ya wakati wake, kinaharibika? Yaani vile kilivyokwisha kupima vinafutika, au vinabaki? Nauliza tu, kuna mtu hapa bandarini alikuwa anataka kujua.

Eyðun


Bergen, 9 Januari 1995

Kwako Mjomba,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Malla. Krismasi niliila hapa, sikuwa na nafasi ya kuja, msinikasirikie. Mama ameniandikia kurasa nne, na kurasa tatu ni juu ya kibanda chako cha kukaushia nyama. Anasema umekitia kufuli. Anasema alikwenda kuchukua mguu wa kondoo wa sikukuu, ukamwambia asubiri nje, ukamletea mwenyewe, wala haukuwa ule alioutaka. Tangu lini kibanda cha nyama kinafungwa kisiwani kwetu? Malla naye kamwambia ufunguo unalala nao. Mama anadhani umeanza kuzeeka vibaya.

Mwambie yule mtu wa bandarini kwamba vipimo haviharibiki. Vimefungwa ndani ya chuma, na betri inadumu miezi kumi na minne. Kikitoka majini kinaendelea tu kupima, kwa sababu hakijui kwamba kimetoka. Asikifungue, asikioshe kwa maji ya moto.

Mimi nasoma na kusubiri Mei. Posho yangu ya masomo inakwisha Juni. Profesa ananiuliza kila wiki kama nimesikia lolote kutoka nyumbani, nami namjibu kwamba nyumbani wote ni wazima.

Sunnvá


Vágur, 19 Februari 1995

Sunnvá mpwa wangu,

Salamu za watu wa huku utazipata kwa mama yako. Leo sina nafasi nazo.

Sanduku litafika na meli ya samaki inayokuja Bergen wiki ijayo. Nimelipigilia misumari mwenyewe. Ndani kuna chombo chako, vipimajoto vyote kumi na vitano, nimevihesabu mara nyingi. Hakuna mtu wa bandarini. Ni mimi.

Ilikuwa tarehe ishirini na saba Oktoba, mchana. Tulikuwa tumetoka wiki tatu bila kupata kitu cha kuonyesha watu. Vijana wangu wawili walikuwa wameshaulizia feri ya Denmark, na nilijua wakienda hawarudi. Basi nikaenda mahali pangu. Unaelewa sasa. Pale ulipoona tupu kwenye ramani hapakuwa tupu. Ni mahali ambapo baba yangu alinionyesha siku niliyopata cheti cha unahodha, sisi wawili tu kwenye chumba cha usukani, na kabla ya kunionyesha aliwatuma mabaharia wote wakalale. Sijamwonyesha mtu kwa miaka ishirini na minane. Nikitoka pale hupita mbali ili nahodha mwenzangu Hanus wa Tvøroyri asijue nimetoka wapi. Wewe uliponiomba nichore, mkono ulichora kila mahali na pale ukapita bila hata kunitaka shauri. Nahodha hachori mahali pake. Sikuona kama nakudanganya. Niliona nimekuchorea vingine vyote, na hiyo ni zawadi kubwa.

Halafu barua yako ikaja, na namba nyuma yake. Nilizisoma nikakaa chini. Ningekuandikia siku ile ile ungekihamisha. Nikajiambia nitapita maili mbili kando. Lakini mkondo wa chini unasukuma wavu, kama ulivyosema mwenyewe, na mimi niliyekaa pale miaka yote hiyo sikuupa heshima yake.

Wavu ulipanda na maboya yako ya njano katikati ya samaki. Pól alicheka, akadhani ni mchezo. Mimi nilishika kile chuma cha chini kabisa. Sunnvá, baridi yake ilipanda hadi begani. Nimevuta samaki wa kilindini maisha yangu yote, lakini sijawahi kushika kitu kilichokaa ndani ya maji yale miezi mitano. Nilisimama nacho sitahani, nikawaza yale uliyoniandikia, kwamba maji haya yanakwenda mahali ambapo sitafika mimi wala wajukuu, na nimeyakatisha yakiwa yanapimwa kwa mara ya kwanza. Niliona haya hadi mbele ya bahari. Mabaharia wakaniuliza kama nimeumia.

Sikujua la kukuambia, ndiyo maana nikakificha kati ya nyama. Kama umeniudhikia, una haki. Kama umeharibikiwa, niambie wazi, usinifichie kama nilivyokuficha.

Eyðun


Bergen, 2 Aprili 1995

Kwako Mjomba,

Hapa theluji inayeyuka, watu wanaanza kusalimiana tena. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilikuwa na hasira, na nilitaka zipungue kwanza. Zimepungua, hazijaisha. Nilijua tangu barua yako ya Novemba ile ya mistari michache, na nilikaa miezi mitatu nikingoja useme, na kila aliponiuliza profesa nilimdanganya kwa ajili yako. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya chombo.

Sasa nikuambie kilichokuwa ndani.

Nilipovichora vipimo vyote kwenye karatasi moja ndefu, niliitandika sakafuni, nikapanda kitini kuitazama. Mto haupiti sawasawa. Unakuja kwa mapigo, kila siku tatu au nne unavimba, baridi inapanda hadi kipimajoto cha kumi, kisha inashuka. Na mpaka wa baridi na vuguvugu hautulii hata saa moja. Unapanda, unapinduka, maji baridi yanajikuta juu ya yale ya vuguvugu, halafu yote yanavurugana hadi hayajulikani. Mwezi mpevu ukifika vinazidi. Profesa naye alipanda kiti cha pili. Tulikaa pale juu kama kuku. Mjomba, kuna kitu kinapumua chini yenu.

Tarehe ishirini na saba Oktoba, saa tisa na robo, vyote kumi na vitano vinapanda kutoka kilindini hadi nyuzi tisa kwa vipimo viwili. Kisha vinaendelea. Chombo hakikujua. Kimepima kibanda chako majira yote ya baridi, upepo na theluji, na nimeziona hata dhoruba za Januari. Na kila Jumapili, saa sita hivi, kipimajoto cha chini kabisa kinapanda nusu nyuzi. Kinabaki hivyo saa nzima, halafu kinashuka. Vingine havibadiliki. Nilidhani kina kasoro, mpaka nikakumbuka kanisa linatoka saa ngapi.

Ulikuwa unakaa karibu nacho. Nililia.

Miezi mitano haitoshi shahada. Ninahitaji majira ya baridi, kwa sababu ndipo kaskazini maji yanapozama kwa wingi. Profesa amenipa mwaka mmoja zaidi, bila posho, nitaishi kwa kufundisha. Tarehe ishirini na nne Mei tutakishusha tena. Mahali ni pale pale, kwa sababu kipande cha pili lazima kiungane na cha kwanza. Hakutakuwa na mara ya tatu. Sikuombi kitu. Nakueleza tu.

Sunnvá


Baharini, 24 Mei 1995

Kwako Mjomba,

Nakuandikia nikiwa chumba cha usukani cha meli ya utafiti, kalamu inaruka kwa mawimbi. Nitaiposti tukifika Tórshavn. Salamu baadaye.

Saa mbili asubuhi ya leo tulikuwa tumesimama pale, chombo kinaning'inia nyuma ya meli, maboya yake majini tayari. Redio ilikuwa wazi kwenye ile chaneli ambayo manahodha wote wa kwetu huisikiliza wakinywa kahawa. Walikuwa wanaulizana hali ya hewa. Halafu nikasikia sauti yako. Ulisema jina la meli yako, ukasema una namba za kusoma, kila mtu atafute kalamu. Ukazisoma. Ukazirudia polepole. Ukasema hapo kuna kamba ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Oddvør, asipite mtu na wavu maili tano kila upande hadi mwakani.

Kisha Hanus, nilimtambua kwa kikohozi, akasema, "Eyðun, umekunywa nini asubuhi hii?"

"Kahawa."

"Na huko kwenye mteremko kuna nini? Si hapaendi mtu huko?"

Hapo ndipo niliposhika meza. Nilijua unaweza kusema hapana kitu, na wangekuamini, na chombo kingekuwa salama vilevile. Ungebaki na mahali pako.

Ukasema, "Naenda mimi. Miaka ishirini na minane, na baba yangu kabla yangu. Kuna samaki wa baridi pale wakati kwingine hakuna. Nilimnyima huyu mtoto ukweli, nikaivunja kazi yake kwa wavu wangu. Mwakani akishamaliza, nendeni mkavue. Mwaka huu naomba mniachie."

Nilihesabu pumzi zangu, zilifika tisa. Kisha Hanus akasema, bila mzaha, "Nimeandika." Akafuata mwingine wa Sandur, "Nimeandika." Kisha mmoja wa Klaksvík, kisha mwingine, majina nisiyoyajua, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopita kutoa pole. Nilihesabu kumi na wanne.

Kapteni wetu ni Mnorwe lakini lugha yetu anaifuata. Alikuwa amevua kofia, sijui lini. Akaniuliza huyo ni nani.

Nikamwambia, "Ni mjomba wangu." Kisha nikawapungia watu wa nyuma waachie nanga.

Sunnvá